Mshipa wa Kushoto

Mama,

Ulikuja kumsindikiza Baba tu. Yeye ndiye tuliyekuwa tukimhofia: polisi mstaafu, sukari mwilini kwa miaka, sigara mdomoni tangu ujana wake kambini. Wewe presha yako ilipanda na kushuka, dawa ulimeza ulipokumbuka, na hakuna aliyekuwazia. Ulikuwa ukiteremsha sigiri, yale majiko ya makaa uliyouza, kwenye gari na kuzibeba kichwani hadi kibandani kwako Kawempe, na wanawake wa sokoni walisema wewe utatuzika sote.

Kituo ninachofanyia kazi ya kupiga picha za ultrasaundi kilikuwa kimeingia katika utafiti. Watafiti walitaka kujua kama ile mishipa miwili mikubwa ya shingoni, inayopeleka damu kwenye ubongo, inaweza kutuonyesha mapema nani atapigwa na kiharusi. Kazi yangu ilikuwa kupima unene wa kuta zake na kutafuta mahali ambapo mafuta yameganda ndani na kuibana njia. Niliposikia wanataka wazee wenye sukari, nilimwandikisha Baba siku hiyo hiyo.

Alifika amevaa koti lake la sherehe. Alipoona kitanda na ile chupa ya jeli alisimama mlangoni.

"Mimi hapana lala kwa kitanda ya wanawake," alisema. Alijua mashine hiyo kwa habari ya wajawazito tu.

"Lala, Afande," ulimwambia. "Labda iko mtoto ndani."

Ulimwita Afande hata siku alipokuwa amevaa kaptula anachota maji. Alilala. Nilimpaka jeli shingoni, nikaweka kifaa, na damu yake ikaonekana kwenye skrini, nyekundu, ikipita kwa nafasi. Kuta zilikuwa zimenenepa kidogo, kama ilivyotarajiwa kwa mtu wa umri wake, lakini njia ilikuwa wazi pande zote mbili. Nilishukuru. Nilidhani hatari imetupita.

Utafiti ulihitaji pia watu wazima wasio na ugonjwa mkubwa, wa kulinganisha nao. Nilipokueleza hivyo ulivua kitambaa chako kichwani na kusema, "Basi nipime na mimi, nisirudi bure."

Upande wa kulia ulikuwa mzuri. Ulikuwa ukinisimulia jinsi mafundi wa Katwe siku hizi wanavyotumia mabati membamba, sigiri inatoboka kabla ya mwaka kuisha, isipokuwa za Wafula, yule Mluhya kutoka Kenya, ambaye bado anatafuta chuma cha maana. Nilihamisha kifaa kwenda kushoto. Chini ya taya, pale mshipa unapogawanyika mara mbili, nilikiona kibonge cha mafuta yaliyoganda. Kilikuwa kimekaa ukutani, cha kijivu, uso wake una mabonde kama kitu kilichotafunwa. Njia iliyobaki ilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea gunia. Niliwasha sauti. Damu iliyo salama, Mama, inasikika kama mtu anayefagia ua taratibu. Yako ilikuwa inapiga mluzi, mwembamba na mkali, kama upepo unaojipenyeza kwenye ufa wa mlango.

"Mbona umenyamaza?" uliuliza.

"Napima."

"Unapima muda mrefu kuliko ya Afande."

Baba alikuwa kwenye kiti pale ukutani, akifuta jeli shingoni kwa leso yake. Alinitazama. Alikuwa ameishi maisha yake yote akisoma nyuso za watu wanaoficha neno, na nilijua ameusoma wangu. Alikunja leso, akairudisha mfukoni, akaketi wima kama aliyeambiwa asubiri amri.

Haikuwa kazi yangu kukupa matokeo. Nilimwita daktari wa utafiti, yule mama mpole mwenye miwani, na yeye akarudia kupima kwa mkono wake mwenyewe. Kisha alivuta kiti karibu nawe na kukuuliza kama umewahi kuona giza ghafla kwenye jicho moja.

Ulicheka. "Hiyo ni moshi ya makaa tu."

"Jicho gani?"

"Hii ya kushoto. Inakuja kama pazia, inashuka, halafu inapanda yenyewe. Nikikaa kidogo inaisha."

"Na mkono?"

Ulitazama mkono wako wa kulia kama vile ulikuwa umesahau kuwa uko nao. Ulisema wiki iliyopita ulishindwa kufunga kifungo, ukafikiri ni uchovu. Na kanisani siku moja ulimi ulikuwa mzito katikati ya wimbo, ukanyamaza hadi ulimi ukarudi. Hukutuambia lolote kati ya hayo. Ulikuwa ukiyabeba kimya, ukidhani ni uzee na moshi.

Daktari alikueleza polepole. Vipande vidogo vilikuwa vikimeguka kutoka pale shingoni na kupanda juu, jichoni na kwenye ubongo, vikiyeyuka kabla ya kuharibu. Siku moja kitapanda kikubwa kisichoyeyuka. Kuna upasuaji wa kuufungua mshipa na kuusafisha, lakini wakati huo hapa mjini waliowahi kuufanya walikuwa wachache mno, na yeye angekutuma Nairobi kwa mpasuaji anayemwamini. Hakukuficha kwamba upasuaji wenyewe unaweza kuleta kiharusi. Alisema pia kwamba kungoja ni hatari zaidi, na hatari kubwa iko karibu, si mbali.

Ulisikiliza yote. Kisha ulinigeukia mimi, si yeye. "Zena, hiyo picha yako inaponya?"

"Hapana, Mama. Inaonyesha tu."

"Basi imeonyesha," ulisema, ukaanza kufunga kitambaa.

Tulitoka nje. Baba alitoa pakiti ya sigara mfukoni, akaiminya mpaka ikawa kama karatasi ya kufungia karanga, akaitupa kwenye pipa la taka lililokuwa langoni. Sijamwona akivuta tena hadi leo. Ulimtazama ukasema, "Afande, shingo mbovu ni yangu, na wewe ndiyo unaacha sigara?"

Ilibaki miezi michache tu Grace atambulishwe. Mdogo wangu alikuwa amepata kijana wa Kiganda, na watu wake walikuwa wanakuja nyumbani kwa ile sherehe wanayoiita kwanjula, waje wajulikane kwetu rasmi kabla ya ndoa. Mimi Baba alinipa jina la dini yake, Grace ukampa wewe jina la kanisani kwako, na nadhani kwa sababu hiyo uliona siku yake ni zamu yako. Ulituketisha sebuleni, mimi, Baba na Grace, ukasema utakwenda Nairobi, hukatai, ila baada ya siku ya Grace.

"Mama, mimi naweza kungoja," Grace alisema. "Watu wale wanaweza kungoja."

"Nikipasuliwa nisirudi, nani atakaa kwa mkeka siku hiyo? Shangazi zako?" Ulimshika kidevu. "Nataka wanikute na mdomo yangu, niwaambie wenyewe huyu ni mtoto wa nani."

Nilikuambia alichosema daktari. Nilikufungulia picha kwenye simu yangu, nikakuonyesha ule uzi. Ulitazama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa jirani, ukanirudishia simu. Daktari alikuandikia dawa za kuzuia damu isigande, za mafuta na za presha, na safari hii ulizimeza kila siku, Baba akisimama mbele yako na glasi ya maji.

Ile miezi, Mama, nilikaa na hofu ambayo sijawahi kumweleza mtu. Nilikuwa naamka chumbani kwangu Namuwongo, treni ikipita kwa mizigo yake nyuma ya nyumba, na kabla sijanawa uso nilikupigia simu. Nilijifanya nauliza kama mvua imenyesha Kawempe. Nilichokuwa nasikiliza ni maneno, kama yanatoka yote, kama herufi l haijaburutika, kama kuna neno ulilolitafuta ukalikosa. Jumapili nikija kula nilitazama midomo yako kuliko chakula. Uliposita kutafuta jina la mtu, niliacha kutafuna hadi ulipolipata.

"Zena," uliniambia siku moja ukimenya ndizi, "unanisikiliza kama polisi. Baba yako hakunisikiliza hivyo hata siku ya kunioa."

Na yeye alikuwa akikulinda kwa namna yake. Alikwenda nawe sokoni akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya sigiri zako, mikono juu ya magoti, akiwatazama wateja mpaka wengine wakaogopa kuomba bei ipunguzwe. Wanawake wa sokoni walimwita mlinzi wa sigiri. Ulilalamika anakufukuzia biashara, lakini ulimbebea chai yake kwenye chupa.

Siku ile Baba alikuwa na homa, akabaki nyumbani. Ulikwenda Katwe peke yako kuchukua mzigo kwa Wafula. Yaliyotokea nimeyapata kwake, na amenisimulia zaidi ya mara moja kwa sababu naye anahitaji kuyasimulia.

Ulikuwa umesimama mbele ya karakana yake ukichagua. Unajua Katwe ilivyo mchana, nyundo kila upande, watu wanaongea kwa ishara na kwa kusoma midomo. Wafula alikuona umeinua sigiri moja, unamwambia kitu. Aliitikia kwa kichwa, akidhani unauliza kama ile ni ya chuma kizito. Ulisema tena. Akaitikia tena na kukuinulia dole gumba. Midomo yako iliendelea kusogea, na ukamshika mkono wa shati. Ndipo aliponyanyua mkono wake juu na kuwapigia vijana wake kelele waache, kisha wa karakana ya pili, na ya tatu. Nyundo zilinyamaza moja baada ya nyingine.

"Mama Zena, sema sasa, nakusikia," alikuambia.

Midomo yako ilikuwa inakwenda vizuri kabisa, kama ya mtu anayezungumza. Hakukuwa na neno lililokuwa likitoka. Wafula anasema hajawahi kuisikia Katwe kimya kama siku ile, na kwamba macho yako yalikuwa yanajua. Sigiri ilikuponyoka mkono wa kulia. Alikudaka wewe.

Alikupandisha kwenye pikapu yake ya kubebea chuma chakavu, akanipigia kwa simu yako. Aliponiambia tu, "Dada, mama haongei," niliiona ile picha yote upya, kijivu chake na mabonde yake. Niliwaambia hospitalini kabla hamjafika ni mshipa upi, upande upi, umebana kiasi gani. Walinisikiliza. Picha ya kichwa ilipopigwa ilionyesha nilichosema. Sikuwahi kuchukia kuwa sahihi kama siku ile.

Ulikaa kimya kwa siku nyingi. Mkono wa kulia na mguu vililala. Baba alikuwa akija mapema, ananyoa ndevu kwanza, anakaa upande wako wa kushoto kwa sababu walimwambia huko ndiko unakoona vizuri. Alikusimulia habari za sokoni kwa Kiswahili chenu, kile kilichokuwa lugha ya nyumba yetu kwa kuwa yeye ni Mwaringa na wewe Mwacholi, na hakuna aliyewahi kujifunza lugha ya mwenzake. Mlichumbiana kwa Kiswahili cha kambini, mkagombana kwacho, mkatulea kwacho.

Neno lako la kwanza lilikuja asubuhi moja nikiwa nimekushika kikombe. Ulisema, "Pii."

Baba alisimama. "Anasema nini?"

"Anataka maji, Baba. Ni Kiacholi."

Alifurahi. Sote tulifurahi. Tulingoja maji yaje na kwa Kiswahili pia. Hayakuja. Neno baada ya neno ulirudi kwetu, lakini ulirudi kwa lugha ya utoto wako, ile uliyokuwa ukiongea na mdogo wako Akello akija kukutembelea na sisi tunakaa pembeni hatujui mnacheka nini. Kiswahili kilikuwa kimekwenda na ile sehemu iliyokufa. Daktari alisema hutokea hivyo kwa baadhi ya watu, na hajui kama kitarudi, na kwamba safari ya Nairobi ingengoja hadi upate nguvu. Baba alipokuambia, "Mama Zena, mimi hapa," ulimtazama kwa adabu, ukatabasamu upande mmoja, kama mtu anayesalimiwa na mgeni.

Alitoka nje akasimama barazani. Nilimfuata.

"Sisi tumeongea miaka yote hii," aliniambia. "Sasa nakaa pale, na yeye hapana nijua."

"Anakujua, Baba. Maneno ndiyo hayajui."

"Kwa mimi na yeye iko tofauti gani?"

Uliporuhusiwa kurudi nyumbani na Mama mdogo Akello akaja kukuuguza, Baba alimwomba amfundishe Kiacholi. Mzee yule, Mama. Alijifunza kama alivyofundishwa gwaride, kwa kurudia kwa sauti. Maji, moto, njoo, lala, inauma wapi. Asubuhi alisimama mlangoni mwa chumba chenu akasema, "Apwoyo," salamu yenu, akikosea mahali pa kukaza sauti, na wewe ulicheka kwa nusu ya uso wako mpaka machozi yakatoka. Baada ya wiki kadhaa ulikuwa unamwita karibu: "Bin." Naye alikuwa anakwenda.

Siku ya Grace ilifika. Wewe mwenyewe ulikataa tuiahirishe. Kila tulipotaja ulipiga mkono wa kushoto kitandani. Tulikuvalisha gomesi ya zambarau, tukaufunga mkono wa kulia vizuri mapajani, tukakuketisha kwenye kiti kivulini kwa sababu mkeka ulikuwa chini sana kwako kuufikia na kuinuka. Watu wa yule kijana walipiga magoti mbele yako na vikapu vyao. Jua lilikuwa limehama, likakufikia. Ulimtazama Grace kwa muda, kisha ukaanza kusema. Ulisema maneno mengi kuliko yote uliyowahi kusema tangu Katwe, kwa sauti ya chini, ukirudia.

Msemaji wao alimwinamia Baba. "Mzee, mama yetu anasemaje?"

Baba alisimama, akavuta koti lake chini. "Anasema huyu ni mtoto wake," alisema. "Anasema alimzaa kwa uchungu, mumuchunge vizuri. Anasema sasa anawapa, moyo yake imetulia."

Walipiga makofi. Msemaji aliyageuza kwa Kiganda, wanawake wakapiga vigelegele, Grace akalia. Katikati ya shangwe Mama mdogo Akello alikwisha kukushika kwapani na kunifanyia ishara nikushike upande wa pili. Tulikuingiza ndani, tukakulaza. Alipofunga mlango aliniambia.

"Dada hakusema hayo. Amesema kichwa kinampasuka. Amesema tumtoe pale."

Tulikupeleka hospitali kwa mlango wa nyuma, ngoma zikiendelea. Hatukuchelewa, daktari alisema hivyo, na nimeamua kumwamini. Kiharusi cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Uliondoka mchana wa siku iliyofuata, Baba ameshika mkono wako wa kushoto, akikuambia kwa Kiacholi maneno yote aliyokuwa nayo, moja moja: njoo, maji, lala, asante.

Akello na mimi hatujamwambia Baba kamwe. Anaamini ile ndiyo ilikuwa hotuba yako, na kwamba aliisikia sawasawa. Anaisimulia kwa wageni. Grace amemfundisha mtoto wake maneno hayo.

Mimi bado niko kwenye ile mashine. Watafiti walimaliza kazi yao wakaondoka, lakini madaktari siku hizi wanatuletea shingo kila wiki, na wapo watu wanaotembea mjini leo kwa sababu tuliona mapema na wakakubali kwenda. Huwa nawaza kukuambia hilo, sijui kama lingekufurahisha. Wiki iliyopita, chumba kikiwa kitupu, nilimwomba mwenzangu anipime. Kulia hakuna kitu. Kushoto, pale mshipa unapogawanyika, ukuta umeanza kuvimba. Ni kidogo bado, njia iko wazi, damu haijaanza kupiga mluzi. Daktari amenipa dawa na kuniambia nirudi baada ya miezi sita. Nilikwenda nyumbani nikakaa kitandani nikisema majina ya vitu vilivyokuwa chumbani kwa sauti, kimoja kimoja, hadi treni ilipopita ikaimeza sauti yangu.

Jumapili nitakwenda kwa Baba. Lile la kichwa chako sitamwambia, liache likae nami na Akello. Hili la shingo yangu nitamwambia mwenyewe, kwa Kiswahili, nikiwa bado na maneno yangu yote.

Lala salama, Mama.

Mtoto wako wa kwanza,
Zena